Kumwita Mkubwa kwa Jina Lake

Jina la Tarumbeta hakupewa na wazazi wake. Alipewa na korido ya mahakama, na asiyeamini aende akasimame pale asubuhi, mama huyu anapofungua mlango wa chumba cha hakimu na kuvuta pumzi. Mwili wenyewe mdogo, viatu vyake mtoto wa shule angevivaa vikamtosha, lakini sauti sasa! Akikuita, hata kama uko nje ya uzio unakunywa chai, kikombe utakiacha. Wapo walioitika bila kuitwa, kwa woga tu.

Kazi yake ndiyo hiyo, kuita majina. Shauri halisikilizwi kabla wenye shauri hawajaitwa mlangoni mara tatu. Ukiitika, unaingia. Usipoitika, Tarumbeta anarudi ndani, anamwinamia hakimu na kusema, "Ameitwa, hajaitika," na shauri linaendelea bila wewe, na ukishindwa usije ukalia kwamba hukujua. Tena unaitwa kwa jina tupu. Mle ndani hakuna Daktari, hakuna Mchungaji, hakuna Shehe wala Bosi. Mwenye cheo ni hakimu peke yake, ndiye Mheshimiwa. Wengine wote wanaacha vyeo vyao nje na kupita mlangoni na majina waliyopewa siku walipozaliwa.

Utaratibu huo uliwahi kumtia matatani, maskini. Baba mkwe wake aligombea mpaka wa shamba na jirani, shauri likaangukia chumba kile kile. Hebu fikiria! Mkwe ambaye nyumbani jina la mzee halitamki hata akiwa bafuni peke yake, leo asimame mlangoni aliite lote, mbele ya watu. Akaliita. Mzee alikuwa ameketi benchi la kwanza, karibu kabisa, akatazama dari. Akaita mara ya pili, mzee akakohoa. Mara ya tatu mzee akainuka, akachukua bakora yake, akaenda zake nyumbani, na jirani akashinda shauri kiulaini. Kwa muda mrefu mzee hakusema na mkwe wake; akitaka chumvi mezani anamtuma mjukuu. Mpaka leo anapenda kuwaambia wageni kwamba shamba lake halikuchukuliwa na jirani, lilichukuliwa na mdomo wa mke wa mwanawe.

Basi, Jumatatu moja Tarumbeta alikuwa anapanga majalada ya wiki, kama kawaida yake anayasoma majina kwa midomo ili ulimi uyazoee, akafika kwenye moja akasita. Mdai, yaani mwenye kulalamika, alikuwa mwanamke, mshonaji wa nguo. Mdaiwa alikuwa na majina matatu ya kawaida kabisa, ya mwanamume yeyote unayempita sokoni. "Huyu namjua wapi?" akajiuliza. Akayasoma tena. Alikuwa mkuu wa nchi.

Hakumtambua kwa sababu hakuwahi kuliona jina lile limekaa peke yake. Redioni linakuja na msafara: Mheshimiwa Rais, Daktari, Amiri Jeshi Mkuu, Baba wa hiki na Mlezi wa kile, na jina lenyewe likifika mwisho limeshachoka. Huku kwenye jalada lilikuwa limeachwa wazi, halina hata koti.

Sasa udadisi ndio ugonjwa wa Tarumbeta. Alipoingia kumwekea hakimu maji mezani, hakuweza kujizuia. "Mheshimiwa, samahani. Hivi huyu anaitwa?"

Hakimu, mwanamume mwembamba mwenye kuvaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta mezani, alicheka kidogo. "Swali zuri, mama. Kwa kazi ya urais wake, haitwi. Katiba imemkinga. Akitia saini jambo, akatuma jeshi, akamfukuza waziri, mimi hapa simgusi. Lakini hapa tunazungumzia ukuta wa nyumba yake binafsi. Alijenga kama baba mwenye nyumba, kwa raha yake. Kwa hilo, akishapewa taarifa na muda ukapita, anaitwa kama wewe na mimi."

"Kwa hiyo ni watu wawili?"

"Ni mtu mmoja," hakimu akasema, huku akipapasa meza. "Hapo ndipo penye ugumu. Umeiona miwani yangu?"

Siku ya shauri korido ilijaa. Waliokuja kwa kesi za mbuzi na za talaka walisahau kilichowaleta, wakawa wanauliza tu, "Ni leo? Ni leo kweli?" Mshonaji alikuwa ameketi peke yake mwisho wa benchi, mwanamke wa makamo mwenye uzi mweupe umenasa begani, na kila aliyekaa karibu naye alikuwa amesogea kidogo, huwezi jua. Ndani, wakili wa mdaiwa alikuwa amekuja na suti ya kijivu na vitabu vinne. Alikuwa amesema tangu asubuhi kwamba yeye hakuja kuitikia, amekuja kuangalia.

Tarumbeta akafungua mlango. Usiku kucha alikuwa amelala vizuri, chai alikunywa, koo lilikuwa safi. Akavuta pumzi. Ulimi hauna mfupa, jamani! Miaka yote ule ulimi umelisikia jina lile likija na msafara wake. Na humo ndani neno "Mheshimiwa" linamtoka mara ngapi kwa siku? Likamponyoka. "Mheshimiwa Rais!" akaita, ndipo akafuatisha majina matatu, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Akaita hivyo hivyo mara ya pili. Mara ya tatu akaona wakili amesimama, anatabasamu.

"Naomba mahakama iandike," wakili akasema, "kwamba aliyeitwa ni Rais. Imesikika mara tatu na mji mzima. Na Rais, Mheshimiwa, haitwi na mahakama yoyote akiwa madarakani. Wito huu ni batili, na shauri lisilo na wito halina miguu. Naomba litupwe."

Hakimu alishusha miwani kutoka kwenye paji, akaivaa, akaivua tena. Alimtazama Tarumbeta bila hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Nitatoa uamuzi Alhamisi," akasema.

Nje koridoni mshonaji alimfuata. Hakupaza sauti. "Dada," alisema, "yule alinifungia njia kwa matofali. Wewe umenifungia kwa adabu."

Aibu ilimpanda Tarumbeta mpaka masikioni. "Nionyeshe hiyo njia," akasema mwishowe, na kusema kweli nusu ya maneno hayo ilikuwa aibu na nusu ilikuwa ule ugonjwa wake.

Wakaenda kwa miguu. Nyumba ya mshonaji ilikuwa nyuma ya nyumba nyingine, kama nyingi za mtaa ule, na zamani palikuwa na kichochoro cha kutokea barabarani, upana wa mkokoteni. Sasa kichochoro hakipo. Palikuwa na ukuta mrefu, mpya, umepakwa rangi ya maziwa, na nyuma yake unasikia mtu akimwagilia bustani na redio ikiimba. Mkubwa huja pale mwisho wa wiki kupumzika. Walioujenga ukuta walisema wanausogeza kwa ajili ya usalama, wakausogeza mpaka njia ikaisha.

Upande wa pili wa nyumba kulikuwa na mtaro mpana wa maji machafu, na juu yake ubao mmoja.

"Sisi tunapita hapa," mshonaji alisema. "Mume wangu ndiye asiyepita."

Mume wake alikuwa seremala. Miaka michache nyuma alianguka kutoka kwenye paa la watu akiwa anapigilia kenchi, na tangu hapo miguu haimsikii. Tarumbeta alimkuta ameketi kwenye kiti cha magurudumu katikati ya maranda, anapiga randa ubao wa kitanda, mikono minene kama ya mtu wa ngumi. Kabla ya ukuta, kila jioni alikuwa anajisukuma mwenyewe hadi barabarani, anasalimia watu, anabishana mpira, anarudi. Baada ya ukuta, shemeji yake alimbeba mgongoni kupita ubaoni. Siku moja ubao ukateleza, wakaingia mtaroni wote wawili, na waliokuwa wakipita wakacheka kabla ya kusaidia. Toka siku hiyo hajatoka.

"Karibu, Tarumbeta," akasema bila kuacha randa. "Nilikusikia leo nikiwa hapa hapa. Nikasema, hata mahakama nayo inapiga saluti."

"Nisamehe, kaka. Ulimi uliteleza."

"Si wako peke yako. Mimi mwenyewe nikimtukana, namtukana kwa cheo chake." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wanasema sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Aliyetunga hiyo hakuwa fundi. Msumeno wangu wa mkono unakata ukisukumwa. Ukirudi, unakwaruza tu."

Tarumbeta aliushika msumeno, akaupitisha kwenye kipande cha ubao, akaurudisha. Ni kweli. Akarudia tena kuhakikisha, mpaka seremala akamwambia amwachie ubao wake, kitanda kina mwenyewe.

Swali la msumeno likamkaa Tarumbeta kichwani kama mwiba. Mumewe ni kinyozi, na jioni hiyo alipita kwenye kibanda chake kabla ya kwenda nyumbani. Juu ya kioo palikuwa na picha ya mkubwa yule yule, kama ilivyo kwenye kila duka, anatazama vichwa vinavyonyolewa. Kitini alikuwapo mteja, dereva wa malori, ana povu nusu ya uso.

"Baba watoto," Tarumbeta akaanza, "hivi mkuu wa nchi awe juu ya sheria au asiwe?"

"Karibu nyumbani na wewe," mumewe akasema. "Za kazi?"

Aliyejibu ni mteja. "Awe juu. Mimi ni dereva, nakwambia. Nchi ni gari liko kwenye mwendo. Kila abiria akimshika dereva bega, huyu anadai hiki, yule anadai kile, wote mtaishia korongoni."

Tarumbeta alikiri kwamba hilo lina maana. Yeye mwenyewe aliwahi kumwita mtu aliyeshtakiwa kwa sababu jogoo wake anawika mapema. Watu wa namna hiyo wakipewa nafasi ya kumwita mkubwa, si atahamia kwenye benchi la korido na godoro lake?

"Sawa," kinyozi akasema, huku akinoa wembe. "Na dereva akimkanyaga mtu?"

"Atashuka mwisho wa safari."

"Na aliyekanyagwa alale barabarani akisubiri mwisho wa safari? Geuza shingo." Mteja akageuza. "Unaona? Hapa kila mtu anageuza. Hata huyo pichani ana kinyozi wake mahali, anamwambia inama, naye anainama, la sivyo atakatwa sikio. Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu."

Nyumbani, wakati wa kula, alimuuliza hata baba mkwe. Mzee alikuwa ameshapatana naye zamani, ila kwa masharti. "Sikio halipiti kichwa," mzee akasema. "Mkubwa haitwi. Ukiwa na shida naye unamwendea, unakaa, unasubiri."

"Na asipotoka, baba?"

"Unasubiri."

"Na kama njia ya kumwendea ndiyo aliyoiziba?"

Mzee alitafuna muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji. Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kulisema katika nyumba ile. "Siku ile uliponiita mahakamani, mke wa mwanangu, mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kuitika. Jina lako likiitwa, unaitika, ndivyo tulivyolelewa. Nikajiuma ulimi. Niliona nikiitika tu, nimekuwa sawasawa na yule mwizi wa mpaka." Akasogeza sahani. "Nikapoteza shamba. Nipe maji."

Tarumbeta alimpa maji. Akabaki anamtazama mzee kwa jicho jingine kabisa, kwa sababu miaka yote alidhani mzee alikuwa amekasirika, kumbe aliogopa.

Jumatano msajili wa mahakama alimwita ofisini, akamfungia mlango, akamkaribisha kiti. Msajili kumkaribisha mtu kiti! "Naona sauti yako imekauka, mama," alisema kwa upole.

"Mimi? Hapana, mkuu. Mzima kabisa."

"Imekauka. Kesho pumzika. Atakuja kijana kutoka chumba cha pili kukushikia." Msajili alikuwa anaangalia dirishani. "Yule kijana ana adabu sana. Hawezi kumwita mkubwa hivi hivi tu."

Akaelewa. Kijana yule ataita kwa vyeo vyote, mpaka vya heshima, wito utaharibika mara ya pili, na hapo hata hakimu hataweza kuuokoa. Mshonaji atarudi kwake, na mume wake atabaki kwenye maranda. Na yeye Tarumbeta hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Usidhani hakutamani. Ana watoto, ana mume wa kibanda cha kupanga, ana kazi ambayo wengi wanaitolea macho. "Nitaona nitakavyoamka, mkuu," akasema.

Aliamka na sauti kama kengele.

Alhamisi hakimu alisoma uamuzi wake kwa kifupi. "Ulimi wa mwita majina si wa mdai," alisema. "Mtu hawezi kukosa njia ya kwenda nyumbani kwake kwa sababu mtu mwingine ana heshima nyingi. Mdaiwa aitwe upya, kwa jina lililo kwenye jalada, kama lilivyo." Kijana wa chumba cha pili alikuwa ameshafika mlangoni. Tarumbeta alimpisha kwa bega, akasema "samahani, mwanangu," akashika kitasa.

Wakili naye alitoka akasimama karibu, atege sikio asije akakosa kosa.

Mara ya kwanza jina lilitoka na woga. Majina matatu, basi, halafu kimya kikubwa kama mtu ametukana kanisani. Askari mmoja alijikuta amesimama wima. Mara ya pili Tarumbeta aliwaza, bila kutaka, kwamba kuna mwanamke aliwahi kuliita jina hili jioni, chakula kikipoa, na mtoto akaja mbio na magoti yenye vumbi. Woga ukapungua. Mara ya tatu aliliita kama anavyomwita mtu wa kesi ya mbuzi, na kule kupandisha kidogo mwishoni, alikokuzoea.

Hakuna aliyeitika. Akageuka kurudi ndani kusema maneno yake ya siku zote. Wakili aliona miguu ile midogo inavyoelekea kwa hakimu, akajua neno litakalotoka, akajua kwamba likitoka shauri litasikilizwa upande mmoja na ukuta umekwenda.

"Nipo," akasema chini chini.

Tarumbeta akasimama.

"Nipo kwa niaba yake."

"Sema kwa sauti, baba," Tarumbeta akamwambia, kama anavyowaambia wote. "Mahakamani hapanong'onwi."

Korido ikaangua kicheko, na wakili akasema kwa sauti, akaandikwa. Kuanzia hapo likawa shauri la ukuta, kama mashauri mengine ya kuta. Hakimu alikwenda mwenyewe kuona, akavuka ule ubao juu ya mtaro akiwa amekunja suruali, akasikiliza pande zote. Baadaye akaamua: mwenye nyumba afungue njia iwe kama zamani, mkokoteni upite. Mshonaji hakupiga kigelegele. Aliuliza tu kama amri hiyo ina mtu wa kuipeleka, na hakimu akasema ina mtu.

Msajili hakumfukuza Tarumbeta. Alimnyima likizo tu, na kiti hakumkaribisha tena.

Zikapita wiki. Jumamosi moja mshonaji alituma ujumbe: wamefungua, njoo. Tarumbeta alikwenda kama alivyo, na gauni la nyumbani na kandambili, mkono mmoja bado una harufu ya vitunguu. Alikuta majirani wachache, na seremala amevaa shati lililopigwa pasi, nywele zimechanwa, macho yanang'aa kama bwana harusi.

Kweli walikuwa wamefungua. Ukuta ule mrefu ulikuwa umetobolewa mahali pamoja, na tundu lilikuwa limepakwa rangi kingo zake vizuri. Lakini lilikuwa jembamba! Mkokoteni usingeingia hata kwa kulazwa ubavu. Kulia kwake walikuwa wamejenga ukuta mdogo, chini kidogo ya kimo cha mtu, wa kuikinga bustani, na nyuma ya ukuta huo mdogo palikuwa na kokoto, na baraza, na redio.

"Si kitu," seremala akasema. "Nipisheni."

Akajisukuma. Gurudumu la mbele likapita, halafu vidole vyake vikakutana na matofali pande zote mbili. Akasukuma hivyo hivyo. Ngozi ikachunika, damu ikatoka kwenye vifundo vya vidole, na kiti kikasonga kidogo, kikasonga tena, kikakwama. Kitovu cha gurudumu kilikuwa kimeshika ukuta. Alikuwa katikati kabisa, kifua nje, mgongo ndani.

Mke wake akamkimbilia, akashika mgongo wa kiti.

"Usinivute."

"Baba, damu hiyo."

"Nimesema usinivute! Nikirudi ndani leo, sitoki tena."

Mlinzi alikuja upande wa nje, kijana mrefu mwenye redio ya mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa. "Mzee wangu, rudi nyuma tafadhali. Mwenyewe yupo hapo barazani, amepumzika. Usinitafutie balaa."

"Yupo?" seremala akauliza. "Basi niitie."

"Nimwite nani?"

"Mwenye ukuta."

Mlinzi alicheka, halafu akaona hakuna aliyecheka naye. "Mkubwa haitwi, mzee. Unalijua hilo."

Polepole, mmoja baada ya mwingine, majirani wakageuka wakamtazama Tarumbeta. Akatikisa kichwa. Huku hakukuwa na hakimu nyuma yake, wala sare, wala mlango wa kushika. Huku alikuwa mwanamke wa vitunguu amesimama kwenye kichochoro cha watu, na akifungua mdomo, hakuna sheria yoyote itakayosema ametumwa. Aliviangalia vidole vya seremala, vilivyokuwa bado vimeshika magurudumu.

"Dada, acha," mshonaji akasema kwa kunong'ona. "Utaharibikiwa."

Tarumbeta akavuta pumzi.

Akaliita. Majina matatu, bila hata koti, na kule kupandisha kidogo mwishoni. Njiwa waliruka kutoka kwenye paa la mkubwa. Mlinzi alifumba macho.

Hakupata nafasi ya kuita mara ya pili. Nyuma ya ukuta mdogo, sauti ambayo nchi nzima inaijua ikaitika haraka, kabla mwenyewe hajajizuia, kama mtoto aliyeitwa na mama yake.

"Naam!"

Redio ikazimwa. Ilikuwa kana kwamba pande zote mbili za ukuta zimeshangaa sawasawa. Seremala ndiye aliyewahi kusema.

"Njoo uone ulivyonibana," akasema.

Kisha wote wakasikia kiti kikisukumwa nyuma, na kandambili zikija taratibu juu ya kokoto.